Treni Haisimami kwa Kuombwa

Bariadi, jioni ya kuamkia safari yako

Kabula, mayu wangu, mwanangu,

Mambo ya sweta, soksi na kutokupokea chakula cha mtu usiyemjua kwenye basi utayapata kwa mama yako, ambaye tangu mchana anakuhutubia kama vile unakwenda vitani. Michembe amekufungia ya kulisha chuo kizima. Hapo mimi sina la kuongeza. Nimekaa zangu hapa nje kwenye kiti cha kamba, kalamu mkononi, na nyinyi wawili mnapita mnanichungulia kama mmemwona fisi anashona nguo. Ndiyo, naandika. Baba yako aliishia kidato cha pili, lakini mwandiko wake ulisifiwa hata na mwalimu aliyemfukuza.

Kwanza nijisifu, maana nisipojisifu mapema nitaikatiza barua katikati ili nijisifu. Katika Bariadi hii hakuna mwanaume mwingine ambaye binti yake anakwenda kusomea kuendesha treni. Nimeuliza. Nimewauliza bodaboda wa stendi. Nimemwuliza mchungaji pale mlangoni mwa kanisa, nikiwa nimemng'ang'ania mkono na waumini wamepanga foleni nyuma yangu. Watu wana watoto manesi, wana walimu, mmoja ana kijana anayeuza simu Dar na kutuma picha akiwa amevaa miwani myeusi ndani ya nyumba. Treni hawana. Muuza nyama amefika mahali pa kuniambia, "Masunga, nyama unanunua nusu kilo, habari za binti yako unaniachia gunia." Nikamwambia na bado, atafute pa kuziweka.

Sasa nije kwenye kilichonikalisha hapa.

Jana tulipokuwa tunachambua pamba, wewe na mimi, mama yako akiwa jikoni, uliniuliza kitu bila kuinua macho. Ulisema, "Baba, na siku nitakaposhindwa kusimama?" Nami nikakujibu, "Utapiga honi mpaka wakuhamishe kituo."

Ukacheka. Lakini mimi nakijua kicheko chako, kinaanzia puani. Kile cha jana kilikuwa cha adabu tu, kiliishia kwenye meno. Halafu ukaendelea kutoa majani kwenye pamba kana kwamba hukuuliza kitu. Basi barua hii ndiyo jibu la swali lile. Sitaki uondoke nalo. Nitazunguka kidogo kabla sijalifikia, kwanza kwa sababu ndivyo nilivyoumbwa, na pili kwa sababu lenyewe ni zito na mimi ni mzito wa kuanza. Hilo umelirithi, usikatae. Ulipokuwa mdogo uligoma kutembea mpaka majirani wakaanza kumletea mama yako dawa za kukupaka magotini. Siku ulipoamua, uliinuka, ukavuka uwanja, ukapita katikati ya kuku, ukatoka nje ya ua, tukakukimbilia. Kukuanzisha ilikuwa taabu. Kukusimamisha ndiyo hatujaweza mpaka leo.

Hadithi ya kuruka kwangu kule Lalago umeisikia kwa mama yako, na mama yako huipunguzia utukufu. Isikie kwa mwenyewe.

Nilikuwa kijana, nina kifua, nina kofia. Baba alinipa mkokoteni na maksai wawili nipeleke pamba kituo cha kununulia. Aliniambia nitembee pembeni ya ng'ombe. Mimi nikapanda juu ya magunia, nikasimama, maana pembeni ya ng'ombe nani angeniona? Tulipokaribia kituo nikaona wasichana wamepanga foleni kwenye mizani, na katikati yao yuko mmoja aliyejifunga kanga ya njano. Nikapiga maksai mbio. Mpango wangu ulikuwa mzuri: niingie kwa kasi, nitoe amri moja, wanyama wasimame hapo hapo, nami nionekane juu nimeshika kiuno kama mkuu wa wilaya.

Nikavuta kamba, nikapaza sauti. Maksai wale walikuwa na nidhamu kuliko mimi. Wakakita kwato, wakasimama. Mkokoteni ukasimama. Mimi nikaendelea. Nilipita juu ya migongo yao nikiwa bado nimeshika kiuno, Kabula, na nikatua kidevu mbele kwenye lundo la pamba lililomwagwa kwenye turubai kusubiri kupimwa. Halafu yule wa kanga ya njano akamwuliza karani, "Na huyu naye anauzwa kwa kilo?"

Ndilo neno la kwanza mama yako kuniambia duniani.

Sasa kijana mwenye busara angecheka na wenzake, yakaisha. Mimi nilikuwa nimesikia kitu. Naapa nilisikia mkono mgongoni, umenisukuma kwa nguvu. Nikageuka: juu ya mkokoteni hakuna mtu. Nyuma yangu barabarani anakuja Mayunga, mtoto wa baba yangu mdogo, na mkokoteni wake, amejishika tumbo kwa kucheka. Wiki ile ile nikamswaga mbuzi mpaka kwa mganga mmoja anitazamie ni nani amenisukuma. Mganga akauliza, "Nani alianza kucheka?" Nikasema Mayunga. Akasema, "Basi umejijibu mwenyewe," akamfunga mbuzi.

Tangu siku hiyo sikumsalimia Mayunga. Tulikuwa tumelala ngozi moja utotoni, tumechunga pamoja, yeye ndiye aliyenifundisha kuogelea kwenye lambo. Nikaoa bila yeye. Nikahamia Bariadi bila kumuaga. Kwenye misiba ya ukoo yeye alikaa upande huu wa moto, mimi ule. Ulizaliwa ukakua hujui kwamba una baba mwingine Lalago. Yote hayo kwa ajili ya mkono.

Halafu unakumbuka siku ile, uko kidato cha tatu, unaosha vyombo, na mimi namsimulia mgeni wangu nilivyosukumwa. Ukasema kutoka pale kwenye beseni, "Baba, hakuna aliyekusukuma."

"Nilisikia mkono."

"Hukusikia mkono. Ulikuwa unakwenda pamoja na mkokoteni. Mkokoteni umezuiwa, wewe hakuna aliyekuzuia. Ukaendelea na safari yako."

"Na nguvu ya kunirusha ilitoka wapi?"

"Haikutoka popote. Mwendo ulikuwa nao tayari. Kitu kinachokwenda hakihitaji kusukumwa ili kiendelee kwenda. Kinahitaji kuzuiwa ndiyo kisimame. Inaitwa inesha."

Nikasema inesha ni jina la dawa ya minyoo. Ulichukua sinia, ukaweka nyanya juu yake, ukalisukuma sakafuni, ukalizuia ghafla kwa mguu. Sinia likasimama. Nyanya ikabingirika mpaka kwenye kiatu cha mgeni. Ukauliza, "Nani ameisukuma nyanya?"

Mgeni akasema, "Mayunga."

Tulicheka mpaka mama yako akaja kuangalia. Lakini mgeni alipoondoka mimi niliirudia ile nyanya peke yangu, na sinia, mara kwa mara, nikiangalia kama kuna mkono. Hakuna. Kila ukizuia sinia, nyanya inakwenda zake, haina ugomvi na mtu.

Jumapili iliyofuata nikaenda Lalago na mbuzi. Mayunga alinikuta nimesimama kwenye ua wake kama mtu aliyekuja kukopa. Nikamweleza yote, mkokoteni, sinia, inesha. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii sikuwa na kosa?"

"Hukuwa na kosa."

"Mimi nilijua. Lakini nilikuwa nimeshaanza kupenda kuogopwa. Hakuna aliyethubutu kuniibia kuku."

Tukala yule mbuzi. Ni mzee sasa Mayunga, na mimi nilimwona kijana, halafu nikamwona mzee. Katikati hapo sina picha yake. Sikuandikii hili ili unihurumie. Nakuandikia kwa sababu ni wewe uliyenirudishia ndugu yangu kwa sinia na nyanya, na kama hujui kwamba hilo ni jambo kubwa kuliko cheti chochote, ujue leo.

Baada ya mambo ya mkokoteni, kabla hujazaliwa, nilikuwa utingo, kisha dereva wa fuso la pamba. Hiyo unaijua. Nimefika Tunduma, nimefika Lubumbashi, nimesalimiana na watu kwa lugha ambazo wao wenyewe walishangaa kuwa nazo. Ila hujui upumbavu niliouamini mwaka wangu wa kwanza kwenye usukani. Niliamini gari lenye mzigo ndilo linalosimama upesi, kwa kuwa limeikandamiza barabara. Gari tupu linarukaruka, linacheza. Lenye mzigo limetulia, lina heshima. Basi nikashuka mteremko na marobota mpaka juu, nikaona kizuizi cha ushuru mbele, nikafunga breki pale pale ninapofungaga nikiwa mtupu. Fuso likaniheshimu sana, ila halikusimama. Tulikuja kutulia mbali, boriti la kizuizi likiwa limelala kwenye bampa, na mlinzi anakuja mbio nyuma akidai boriti lake. Mtu hakuumia. Nilimwambia mwenye gari kuwa boriti lilikuwa bovu.

Hilo nalo ulikuja kunieleza, na kwa raha zako. Ulisema breki zilikuwa zile zile, mwendo ule ule, lakini tani zile za pamba nazo zilikuwa na safari yao. Uzito mara mwendo, ukasema, ndiyo momenta, na yote lazima imalizwe ndipo gari litulie. Nikabisha. Ukachukua majivu ukachora mstari barabarani, ukanipandisha baiskeli. "Njoo polepole, ukifika kwenye mstari funga breki." Nikafanya, ukapima. "Sasa njoo kwa mwendo mara mbili." Mimi nikajua nitasimama mbali mara mbili, mtu mzima anajua hesabu. Nikaupita mstari, nikaupita mti wa mipaka, nikaingia kwa jirani. Ulipopima ilikuwa mara nne.

"Mara nne? Nani ameongeza?"

"Hakuna aliyeongeza, baba. Mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa kusimama unakuwa mara nne."

"Huo ni wizi."

"Ndivyo ilivyo."

Wewe na hilo neno lako. Ndivyo ilivyo. Nilikuangalia umeshika ile kamba ya kupimia, miguu imejaa vumbi, nikasema moyoni huyu si wa kuolewa akae. Huyu ana mahali anakwenda.

Ndiyo maana uliponiambia treni, sikushangaa kama ulivyotegemea. Nilinyamaza tu kwa sababu nilikuwa napanga nianze kumwambia nani.

Sasa Malampaka. Najua swali lako limetoka huko, usidhani sijui.

Tulikuwa tumekwenda kumsalimia shangazi yako. Tulisikia honi, ndefu, haikatiki, halafu chuma kinalia. Tulipofika relini treni ya mizigo ilikuwa ndiyo kwanza inatulia, na ng'ombe wa mzee mmoja amelala chini ya tuta, ndama wake amesimama pembeni hajui afanye nini. Watu wakajaa. Mzee anapiga fimbo chini, analia kwa sauti, "Amemwona! Amemwona tangu kule, akamuua makusudi! Breki hana?" Na watu wakaanza kuinua sauti pamoja naye.

Wewe ukajipenyeza mbele. Mimi nilikuwa nakushika blauzi, ukaniponyoka. Ukasema, "Babu, shikamoo. Babu, hii ina mabehewa yote yale nyuma, na ni chuma juu ya chuma, msuguano ni mdogo. Huo utelezi ndio unaomwezesha dereva kuvuta mzigo wote huu, na ndio unaomnyima kusimama. Hata angefunga breki kule..."

Mzee akakukata. "We mayu, ng'ombe wangu amelala pale, wewe unaniletea hesabu?"

Hesabu yako ilikuwa sahihi, na yeye machozi yake yalikuwa sahihi, na hapo hukujua pa kusimama.

Kisha dereva akashuka. Kijana tu, si mkubwa kwako sana. Watu wakamzonga, mimi nikajitia katikati na tumbo langu, nikasema kwa Kisukuma maneno ambayo sitayaandika, wakarudi nyuma kidogo. Nikamnunulia soda. Aliishika tu bila kuifungua. Ukamfungulia wewe. Akakuambia, wala hakukujua wewe ni nani, akasema tu kwa sababu ulikuwa mbele yake: "Nilimwona mapema. Nikafunga kila kitu. Halafu ikabaki kuangalia."

Tuliporudi Bariadi ulikaa kimya njia nzima. Mimi nikaongea njia nzima, kama kawaida yangu, nikidhani nakusaidia.

Basi nakujibu.

Ningekuwa baba mstaarabu ningekuambia siku hiyo haitakuja. Siwezi, ni wewe uliyenifundisha. Reli ni ndefu, watu na mifugo wanavuka, na treni haisimami kwa kuombwa. Inaweza kuja. Na huenda asiwe ng'ombe.

Lakini, Kabula, kuna kipande cha reli mbele ya macho yako ambacho ni chako. Hapo uwe mkali kuliko mtu yeyote. Ufunge breki mapema mpaka wenzako wakucheke kwamba unaendesha kama unampeleka bibi harusi. Upige honi mpaka watu wa kando ya reli walitukane jina langu. Usingizi ukikusumbua useme, usione aibu. Mwendo walioandika uufuate hata kama mkubwa wako ana haraka, maana umeona mwenyewe kwenye majivu haraka kidogo inavyogeuka kuwa umbali mwingi. Hicho kipande ni chako na usimwachie mtu. Kikiisha, kinachofuata kimeshakuwa cha uzito na mwendo. Hapo umeshafanya, na imebaki kuangalia, kama alivyosema yule kijana.

Na watu watakuja kutafuta mkono. Watakuambia umefanya makusudi. Usibishane nao kwa hesabu siku hiyo, waache walie, hesabu itawafikia baadaye au haitawafikia. Wao hawanitishi sana. Unayenitisha ni wewe. Mimi nilikwenda kwa mganga na mbuzi kwa sababu nilikuwa mjinga. Wewe utakwenda kwa mganga aliye ndani ya kichwa chako kwa sababu una akili. Utajifungia chumbani utafute ile sekunde uliyochelewa. Utaikosa, utaitafuta tena. Atakuuliza swali lile lile nililokwenda nalo mimi, mkono ni wa nani, na utamjibu mwenyewe, utajitaja jina. Huyo hachukui mbuzi, mayu. Anachukua usingizi, halafu anachukua watu mmoja mmoja mpaka unabaki huna wa kukaa naye upande mmoja wa moto. Mimi nimekula hasara hiyo kwa niaba ya ukoo mzima. Usiirudie.

Uliponiuliza jana ulidhani woga wako ni dalili kwamba kazi hii haikufai. Nimekaa na madereva maisha yangu yote, nikiwemo mimi na boriti la watu kwenye bampa, na nakuambia ambao hawakuwahi kuuliza swali lako ndio niliokuwa nashuka kwenye magari yao nikasingizia nimefika. Wewe umeuliza kabla hata hujapanda. Siku nitakaposikia kwamba treni inapita Malampaka na wewe ndiye uliyeko mbele, akina mama wanasinzia na vikapu vyao mapajani, watoto wamelala mdomo wazi, mabehewa yote hayo yanamfuata binti wa Masunga, nitakwenda kusimama pale na nitapiga kelele mpaka mkuu wa stesheni aulize huyu mzee ana nini. Nitamwambia nina nini.

Na kama siku ile nyingine itakuja, ukishafanya yote waliyokufundisha kufanya, piga simu nyumbani. Saa yoyote. Usianze na salamu. Mama yako akipokea atanipa. Ukitaka niongee nitaongea mpaka kuche. Ukitaka ninyamaze nitanyamaza, ingawa hapa Bariadi hakuna atakayeamini kwamba naweza. Nitakuja huko uliko kwa gari lolote litakalokuwa linakwenda. Nitakaa na wewe.

Lakini kuna neno moja hutalisikia kwangu, wala siku hiyo, wala baadaye, wala kwa utani. Sitakuuliza kwa nini hukusimama.

Baba yako,
Masunga